Kukadiria matumizi ya umeme ya kila nusu saa kwa wateja wa LUKU

Mita ya LUKU inakuambia mteja alinunua uniti ngapi (uniti moja ni kWh 1) na siku gani, ila haikuambii alizitumia saa ngapi. Mtu akinunua uniti 30 Jumamosi asubuhi, tarehe hiyo inaonyesha siku aliyopata hela, basi. Lakini anayetaka kujua kama transfoma ya kVA 50 itahimili nyumba nyingine 40, au umeme unapotelea wapi, anahitaji mzigo wa saa mbili usiku. Hapo ndipo inapoingia profaili ya matumizi: umbo la siku ya kundi la wateja wanaofanana, linalopimwa kwa sampuli kisha kutandazwa juu ya uniti za kila mmoja.

Mfano wetu ni transfoma moja ya mtaani Dar es Salaam yenye wateja 182. Tarakimu ni za kuonyesha hesabu. Zako utazipima mwenyewe.

Hatua ya 1: Kusanya uniti, si shilingi

Pata orodha ya manunuzi ya miezi 12 yenye namba ya mita, tarehe na uniti. Usitumie fedha. Ndani yake kuna VAT, tozo za REA (wakala wa umeme vijijini) na EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) na, tangu 2021, kodi ya majengo. Isitoshe, mteja wa D1 (matumizi yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi) ana bei tofauti kabisa na wa T1 (mteja wa kawaida anayezidi hapo), kwa hiyo elfu kumi ya huyu si elfu kumi ya yule. Futa mistari isiyo na uniti, kwa mfano tokeni za kubadili funguo za mita zilizotolewa kuelekea Novemba 2024.

Kisha tembea mtaani, nguzo kwa nguzo, uhakikishe kila mita kweli iko chini ya transfoma hiyo. Laini ikigawanywa baada ya kufungwa transfoma mpya, rejista inaweza kubaki na taarifa za zamani.

Hatua ya 2: Geuza manunuzi kuwa matumizi ya siku

Hapa ndipo wengi wanakosea. Chukua mteja aliyenunua hivi:

3 Machi: uniti 20
14 Machi: uniti 28
1 Aprili: uniti 35

Ukijumlisha zote tatu unapata 83; gawanya kwa siku 29 zilizo kati ya 3 Machi na 1 Aprili, unapata 2.86 kwa siku. Si sahihi, kwa sababu zile 35 za mwisho hazijaanza kutumika. Zilizoliwa katika siku hizo ni 48 tu: 48 ÷ 29 = 1.66 kWh kwa siku. Kanuni ni kujumlisha manunuzi yote isipokuwa la mwisho, kisha kugawanya kwa siku kati ya la kwanza na la mwisho.

Hesabu hii inachukulia kwamba mteja hununua salio likiwa limefikia kiwango kilekile kila mara. Kwa anayenunua uniti chache mara nyingi, kosa ni dogo. Kwa anayejaza uniti 300 mara mbili kwa mwaka, soma salio kwenye mita yenyewe siku ya kwanza na siku ya mwisho ya upimaji.

Hatua ya 3: Gawa makundi kwa umbo, si kwa ukubwa tu

Kwa mtaa wa kawaida anza na makundi matatu: nyumba za taa, TV na feni; nyumba zenye friji; na maduka na saluni. Mashine ya kusaga, fundi wa kuchomelea na gesti usiwatie kwenye kundi lolote. Mmoja tu anaweza kupotosha umbo la wote, kwa hiyo pima kila mmoja peke yake.

Mtego mkubwa ni nyumba ya kupanga yenye mita moja. Wapangaji watano wanaochangia LUKU wanaonekana kwenye orodha kama tajiri mmoja mwenye kiyoyozi, ilhali mchana karibu hakuna mtu na jioni wote wanawasha pamoja. Uniti ni nyingi, umbo ni la nyumba ndogo. Uliza idadi ya kaya kwa kila mita kabla ya kuipangia kundi.

Hatua ya 4: Chagua sampuli

Fomula ya kuanzia ni n = (1.96 × CV ÷ e)², ambapo CV ni mtawanyiko wa matumizi ndani ya kundi (mkengeuko sanifu ÷ wastani), e ni kosa unaloweza kulivumilia, na 1.96 ni ya uhakika wa asilimia 95. CV ikiwa 0.5 na kosa asilimia 20, unahitaji nyumba 24. Ukitaka asilimia 10, zinakuwa 96. Kupunguza kosa kwa nusu kunagharimu virekodi (vifaa vya kurekodi matumizi ya umeme) mara nne, kwa hiyo amua mapema unataka jibu la kazi gani.

Panga wateja wa kundi kuanzia mwenye matumizi madogo hadi makubwa, kisha chukua kila wa tano au wa sita. Akikataa mmoja, chukua anayemfuata kwenye orodha, si rafiki wa mjumbe wa nyumba kumi.

Hatua ya 5: Pima

Rekodi kila nusu saa kwa siku zisizopungua 14, ili upate wikiendi mbili. Kirekodi kipime volti pamoja na ampea. Cha klampu (kinachobana waya na kupima ampea tu) peke yake hukulazimisha udhani volti 230, na mwisho wa laini jioni zinaweza kushuka hadi 195. Hapo unakuwa umeongeza karibu asilimia 18 kwenye kilele, palepale usipotaka kukosea, na pawa fakta (sehemu ya umeme unaovutwa inayofanya kazi kweli) bado hujaigusa.

Saa inastahili aya yake. Kirekodi kikiwekwa UTC (saa za Greenwich), profaili yote inarudi nyuma saa tatu na kilele cha jioni kinaonekana saa kumi na moja alasiri. Fundi akiandika "saa 2" kwenye daftari, mtu wa ofisini anaweza kuisoma 02:00. Andika kwa mtindo wa 20:00 kila mahali. Angalia pia kama muda ulioandikwa ni mwanzo wa nusu saa au mwisho wake. Ukichanganya virekodi vya aina mbili, kilele kinapanuka na kushuka bila sababu.

Umeme ukikatika, usiache sifuri ziingie kwenye wastani. Ondoa kipindi cha giza pamoja na saa mbili baada ya umeme kurudi, maana friji zote huanza kuvuta kwa mpigo. Siku iliyokatika zaidi ya saa nne itupe nzima.

Hatua ya 6: Tengeneza profaili

Kwa kila kundi na kila aina ya siku, jumlisha kWh za sampuli yote katika kila nusu saa, kisha gawanya kwa jumla ya kWh zao za siku nzima. Utapata uzito 48 unaojumlika kuwa 1. Usitafute umbo la kila nyumba kwanza ndipo uchukue wastani wa maumbo: nyumba yenye balbu moja itapewa sauti sawa na yenye friji mbili.

Aina za siku ni ya kazi, Jumamosi, na Jumapili au sikukuu. Pwani ongeza ya nne, Ramadhani. Mwezi huo mzigo huamka wakati wa daku, kati ya 03:00 na 05:00, saa ambazo kwa kawaida mtaa umelala. Usiufunge kwa tarehe za kalenda ya kawaida, kwani kila mwaka huja mapema kwa siku 10 au 11.

Kuazima profaili za nje hakushauriwi. H0, profaili ya kaya ya Ujerumani iliyotolewa 1999, ina thamani 96 kwa siku na majira matatu, kwa sababu kule majira ya baridi taa huwashwa alasiri. Dar es Salaam jua huzama ndani ya tofauti isiyofika saa moja mwaka mzima. Kinachobadilika ni joto la Desemba hadi Machi, yaani feni na viyoyozi. Uliyopima Juni usiitumie Februari bila kupima tena.

Hatua ya 7: Tandaza

Chukua nusu saa ya 20:00–20:30:

Nyumba ndogo: 140 × 1.6 kWh = 224 kwa siku; × 0.045 = 10.08 kWh
Nyumba za friji: 30 × 5.2 = 156; × 0.036 = 5.62 kWh
Maduka: 12 × 6 = 72; × 0.030 = 2.16 kWh

Jumla ni 17.86 kWh. Ili upate kilowati, gawanya kwa 0.5: karibu kW 35.7. Ukisahau mgawanyo huo, mzigo utaonekana nusu ya ulivyo.

Hatua ya 8: Linganisha na transfoma

Funga kirekodi upande wa volti ndogo wa transfoma, siku zilezile. Tuseme kimesoma 520 kWh kwa siku, wewe umekadiria 452. Pengo ni 68, asilimia 13. Usikimbilie neno wizi. Chora pengo lenyewe kwa nusu saa. Likianza jua likizama na kuisha alfajiri kwa kiasi kilekile, tafuta taa za barabarani zisizo na mita. Likipanda haraka kuliko mzigo, kama mraba wake, ni upotevu kwenye nyaya. Likitokea saa za kazi tu na kupotea Jumapili, huenda kuna karakana iliyounganishwa na vishoka. Likiwa hasi usiku wa manane, ama uzito wako wa usiku ni mkubwa mno au kuna mita za transfoma jirani kwenye orodha yako.

Kwa wateja wachache

Profaili ni ya umati. Kwa nyumba tano haifai kuchagulia waya, maana pasi mbili zikiwashwa pamoja zinavunja wastani wote. Tumia mgawo wa kukutana kwa vilele: k = k₀ + (1 − k₀) ÷ √n, ambapo k₀ ni mgawo wa kundi kubwa sana unaokadiriwa kutoka sampuli yako. k₀ ikiwa 0.2, nyumba 25 zinapata 0.36 na nyumba 4 zinapata 0.6. Zidisha k kwa jumla ya vilele vya kila nyumba.

Pima upya kila baada ya miaka miwili au mitatu, na mapema zaidi pale ambapo majiko ya umeme yanaingia. Tanzania imelenga asilimia 80 ya wananchi watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Wengi watatumia gesi, lakini jiko la presha la umeme la kW 1 katika nyumba 20 kati ya zile 140, likiwashwa kabla ya chakula cha jioni, linatosha kuibua kilele ambacho profaili ya zamani haikijui.