Virginia O'Brien: anza na wimbo wa kubembelezea mtoto

Ukitaka kumjua Virginia O'Brien, mwimbaji na mwigizaji wa studio ya filamu ya MGM, usitafute filamu aliyoibeba yeye. Mara nyingi anatokea kwa wimbo mmoja au miwili tu, kwa hiyo anayeruka nyimbo humkosa kabisa.

Anza na The Big Store (1941), filamu ya kundi la wachekeshaji Marx Brothers. Dukani anaimba "Rock-a-bye Baby". Mwanzo ni wimbo wa kubembeleza wa kawaida, halafu mdundo unachangamka, na uso wake unabaki mkavu kama ubao. Ongeza sauti, kisha angalia macho: kichekesho kiko kwenye pengo kati ya sauti iliyochangamka na uso uliokauka. Kwenye skrini ndogo ya simu pengo hilo linapotea.

Kisha The Harvey Girls (1946), anapoimba huku akimpigia farasi kiatu cha chuma, mwigizaji mwenzake Ray Bolger akiwa hoi kwa woga. Baadaye anatoweka kwenye hadithi. Usidhani umeruka kipande. Alikuwa mjamzito wakati wa kupiga picha.

Mtindo wenyewe ulizaliwa jukwaani Los Angeles: woga ulimgandisha, watazamaji wakacheka.