Injinia mpya saiti: usisaini usichokiona

Naandika hii kwa wadogo zangu mliomaliza chuo juzi mkaanza kupelekwa saiti za maghorofa. Maadili ya kazi mmeyasoma darasani, sawa, ila saiti utamkuta bosi mwenye haraka na hela zake, fundi mzoefu anayekuona mtoto, na karatasi inayosubiri saini yako.

Kwanza jua unamfanyia kazi nani. Anayekulipa ni mwenye jengo, lakini atakayefukiwa ni mpangaji, ni kibarua, ni mama ntilie wa pembeni. Machi 29, 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa linajengwa katikati ya Dar liliporomoka, watu 36 wakafa, na kati ya waliofukiwa walikuwepo watoto waliokuwa wanacheza tu jirani. Huruma kule Nairobi, Aprili 2016, jengo lilikuwa limeshaambiwa libomolewe na bado watu wanaishi humo, wakafa zaidi ya 50. Hao wote hawakusaini mkataba na mtu, walimwamini injinia ambaye hata hawamjui.

Sasa kazi yenyewe. Siku ya kumwaga slabu fika mapema kabla mikisa haijawashwa, shika ramani na tepu, hesabu nondo moja moja na upime ringi (vile vyuma vyembamba vinavyozungushiwa nondo za mihimili) zimeachana kiasi gani, maana ringi ndo za kwanza kuibiwa, ramani inasema kila sentimita 15 unakuta 25. Angalia kama nondo zimeinuliwa kwa vitofali vidogo au zimelala kwenye mbao, zikilala zitakosa zege la kuzifunika, kutu itaingia na huoni mpaka slabu imeanza kumeguka. Ukikuta kasoro simamisha hapohapo. Zege likishamwagwa, kurekebisha ni kuvunja, na hakuna bosi atakubali kirahisi.

Halafu maji. Hapa simama mwenyewe usimtume mtu, kwa sababu vijana wakichoka wanaongeza maji zege liteleze, linakuwa jepesi kumwaga, na nguvu inashuka vibaya sana. Pima ulaini wake kwa ile koni unayoijaza zege kisha ukaivua uone linashuka kiasi gani, na kwa ile michemraba ya zege ya milimita 150 inayovunjwa maabara kupima nguvu, chagua wewe zege lake linatoka kwenye mchanganyo upi bila kumwambia mtu mapema, kwa sababu ukiwaachia watakutengenezea mchanganyo mmoja mzuri wa kupeleka maabara tu, halafu jengo linapata mwingine. Majibu ya maabara ya michemraba ya siku 7 yakija mabaya usisubiri ya siku 28 huku ghorofa zinaendelea kupanda.

Kuna ombi moja litakuja tu: "injinia, tuongeze floo moja, mbona nguzo zinaonekana nene." Usibishane kwa mdomo na usimkosee mzee heshima. Mwambie msingi na nguzo vilipigiwa hesabu ya mzigo fulani, kuongeza floo ni hesabu mpya na kibali kipya, aliyechora ramani apitie upya na halmashauri ikubali, bila hivyo haiendi. Kuchimba chini ya jengo lililosimama nako ni hivyohivyo, usikubali ianze eti hesabu zitafuata.

Kila unachokataa kiandike kwenye kitabu cha saiti siku hiyohiyo, tarehe, sehemu ya jengo, ulichokiona, na picha yenye tepu ndani, kisha mpe mkandarasi asaini na ubaki na kopi. Wakiendelea licha ya hapo mwambie injinia aliye juu yako kwa maandishi, na akinyamaza peleka halmashauri na Bodi ya Usajili wa Wahandisi (Kenya ni Engineers Board of Kenya). Najua unaogopa kupoteza kibarua, una kodi ya nyumba na wazazi wanakutegemea, na kweli kuna watu wamefukuzwa kwa hili. Ndo maana nasema andika mapema, usingoje mambo yaharibike, na ongea na injinia mwenye usajili unayemwamini nje ya kampuni, usibebe peke yako.

Ila ukiona nguzo imepasuka na ufa unaongezeka, au milango imeanza kukataa kufunga ghafla, hapo barua zote weka pembeni. Toa watu nje, wa jengo na wa jirani, zuia mtu kurudi kuchukua simu au hela, piga Zimamoto (Tanzania ni 114), halafu ndo umpigie bosi.