Somo: Mwanga umegusa saa ya panya, au umemkataza tu kukimbia?

Wakuu habari. Tunasoma kila siku eti panya fulani katolewa jeni fulani na saa yake ya mwili imekufa, sasa unahakikishaje? Twende.

Hatua ya 1. Panya mmoja, kizimba kimoja, gurudumu lenye sensa ya kuhesabu mizunguko. Taa masaa 12, giza masaa 12, wiki mbili hivi. Panya ni wa usiku, kwahiyo gurudumu linachachamaa taa zikizimwa.

Hatua ya 2. Zima taa, usiwashe tena. Hapa ndo penyewe. Wale panya weusi wa maabara, C57BL/6, wataendelea na mzunguko wa masaa 23 na nusu na ushee, yaani kila siku anaanza kukimbia mapema kidogo kuliko jana, maana saa iko kichwani kwenye seli kama 20,000 zinazoitwa SCN, juu tu ya pale neva za macho zinapopishana. Sasa chukua panya waliotolewa Cry1 na Cry2 (jeni mbili za saa) zote mbili: kwenye hatua ya 1 wanaonekana wazima kabisa, ukizima taa tu wanakimbia ovyo, hamna usiku hamna mchana. Kumbe taa ilikuwa inawazuia kukimbia, saa yenyewe haipo! Ripoti ikiishia hatua ya 1 mimi siiamini.

Hatua ya 3. Humohumo gizani piga mwanga dakika 15. Ukipiga mwanzoni mwa usiku wake (yaani muda wake wa kukimbia, si usiku wa nje), kesho atachelewa kuanza. Mwishoni mwa usiku, atawahi. Katikati ya mchana wake, hola. Retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) inamwaga glutameti na PACAP, kemikali za kupeleka ujumbe, kwenye SCN, kalsiamu inapanda, CREB (protini ya kuwasha jeni) inaamka, jeni ya Per1 inawashwa na saa inasogea.

Hatua ya 4. Rudia yote kwa panya aliyebadilishwa jeni, linganisha. Mwaka 1999 panya wasio na rodi wala koni (seli za jicho za kuonea) walionekana saa yao bado inafuata taa. 2002 panya wengine, wenye rodi na koni zao, wakatolewa melanopsini (protini ya kuhisi mwanga iliyo kwenye seli chache za retina), nao wakafuata, ila ule msogeo wa hatua ya 3 ukapungua. 2003 vyote vitatu vikazimwa kwa panya mmoja, ndo saa ikawa haioni taa kabisa.

MASWALI

Swali: Kwahiyo melanopsini haina kazi kubwa, si bila yake wanafuata?
Jibu: Hapana mkuu. Melanopsini ikikosekana, seli inayoibeba bado ipo na inapokea taarifa za rodi na koni kuzipeleka SCN. 2008 waliziua hizo seli zenyewe, panya akabaki anaona vizuri tu lakini saa haifuati taa. Njia ni hiyo seli.

Swali: Na binadamu kipofu je?
Jibu: Inategemea retina. Kuna wasioona chochote ambao mwanga machoni bado unawashusha melatonini (homoni ya usiku), ukiwafunika macho haishuki.

Swali: Gizani huko unawalishaje bila kuharibu jaribio?
Jibu: Miwani ya infraredi ndo salama. Taa nyekundu wengi wanatumia lakini iwe hafifu sana, ikiwa kali inasogeza saa vilevile. Halafu badilisha saa za kuingia, ukienda kila siku saa mbili asubuhi panya atakufanya wewe ndo saa yake.