Maji ya fedha yakipoteza umanjano, fedha bado imo

Ndugu zangu wa Nairobi mnaojitengenezea nyumbani maji ya fedha, yaani maji yenye chembe za madini ya fedha yanayonywewa kama dawa, kwa nyaya mbili za fedha na betri za volti 9, nawaomba mlitazame hili vizuri. Yakitoka manjano, watu hukimbilia kemisti kununua haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, wanatia matone machache, rangi inapotea, wanasema yamesafika.

Hayajasafika. Ule umanjano hutokana na chembe ndogo mno za fedha zinazofyonza mwanga wa buluu. Peroksaidi huzila chembe hizo kwa juu, ikizigeuza ayoni, yaani atomu zenye chaji ya umeme, zinazoyeyuka bila rangi. Fedha nayo huivunja peroksaidi kuwa maji na oksijeni; ndiyo maana unaona vipovu vidogo vimeng'ang'ania ukuta wa glasi. Uzito wa fedha mle ndani ni uleule.

Kwa hiyo tafadhali msiyanywe eti kwa kuwa yameng'aa. Tangu 1999 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilikataa kuzitambua dawa za aina hii kuwa salama au zenye kutibu, na fedha ikijazana mwilini ngozi hugeuka kijivu-buluu, isirudi tena. Mtoto akiumwa, mpelekeni hospitali.

Ukitaka kuhakikisha kwamba fedha bado imo, zima taa umulike glasi kwa leza: mstari uliokuwa ukionekana majini utakuwa umefifia, kwa kuwa chembe zimeyeyuka. Kisha chukua kijiko kimoja cha maji hayo, tia chembe za chumvi. Ukungu mweupe ukitanda, hiyo ni kloraidi ya fedha, yaani fedha ileile iliyoungana na klorini ya chumvi.