Kuingiza kompyuta mpya kwenye mtandao wa zamani wa ofisi ndogo

Kompyuta mpya imefika, ina Windows 11, bosi anataka leo leo ifungue folda ya mahesabu na iprinti. Unachomeka waya, intaneti inakuja fasta, kila mtu anafurahi, halafu ukigusa folda au printa inagoma. Hapo ndo watu wanaanza kuivua mashine ulinzi kimoja kimoja, zima fayawoli (ukuta wa ulinzi wa Windows), toa pasiwedi, washa hiki na kile mpaka kitu kikubali. Usiende huko. Mara nyingi mashine mpya haina tatizo lolote, inakataa makusudi mambo ambayo mtandao wa zamani ulikuwa unayafanya kiholela, kwa hiyo cha kurekebisha kiko upande wa zamani.

Anza na kompyuta ya zamani ambayo haisumbui. Fungua cmd (lile dirisha jeusi la kuandika amri), andika ipconfig /all, piga picha kwa simu. Kwenye hiyo picha angalia anwani ya IP (namba ya mashine kwenye mtandao), mstari wa Default Gateway ambao ndo anwani ya rauta, na kama DHCP imewashwa, yaani kama rauta ndo inagawa anwani au kuna fundi alikuja zamani akaziandika kwa mkono kwenye kila mashine. Hili la mwisho ni muhimu sana, kwa sababu ofisi nyingi ndogo zina mchanganyiko, mashine mbili tatu zimeandikwa kwa mkono na nyingine zinapewa, siku rauta ikigawa namba ambayo tayari ina mwenyewe basi wawili wanagombana, mmoja anakatika katika na hakuna anayeelewa kwa nini.

Haya, waya. Laptopu nyingi za siku hizi hazina tundu la netiweki kabisa, utahitaji adapta ya USB. Ukichomeka cheki taa za kwenye tundu na kwenye swichi (kile kifaa ambacho nyaya zote za mtandao zinakutana), zikiwa zimezima jaribu tundu lingine la swichi kabla hujagusa setingi yoyote. Na kichwa cha waya kile cha plastiki kikiwa kimevunjika ulimi, usikitegemee, kinakaa vizuri leo, kesho mtu anasogeza meza kinachomoka nusu. Kama waya ni wa zamani na spidi inaishia 100 Mbps wakati swichi inaweza 1000 (gigabiti), hesabu nyaya ndogo ndani ya kichwa: 100 inahitaji jozi mbili tu lakini gigabiti inataka jozi zote nne, na mafundi wa enzi zile walikuwa wanaugawa waya mmoja kwa mashine mbili. Kwa kazi za Word na Excel 100 inatosha, usibomoe ukuta kwa ajili hiyo.

Sasa rudia ipconfig kwenye mashine mpya. Ukiona anwani inaanza na 169.254 maana yake iliomba namba haikujibiwa ikajipa yenyewe, rudi kwenye waya au kwenye rauta. Ukiona namba za kawaida, linganisha na picha yako. Zile za zamani ni 192.168.1 kitu na mpya imepata 192.168.0 kitu? Hapo umeshampata mchawi, na mara nyingi ni hivi: mtu aliwahi kununua rauta ya pili ili Wi-Fi ifike chumba cha nyuma, akachomeka waya kwenye tundu lake la WAN (lile la kuingizia intaneti), ile rauta ikajitengenezea mtandao wake wa pembeni. Aliye nyuma yake anapata intaneti kama kawaida, ila printa na folda haoni hata kivuli kwenye orodha. Dawa yake ingia kwenye setingi za hiyo rauta ya pili, ipe anwani ambayo haitumiki na mtu kwenye mtandao wa kwanza, zima DHCP yake, halafu hamisha waya kutoka WAN uweke kwenye tundu la kawaida la LAN (la kuchomekea kompyuta). Kuanzia hapo ni swichi yenye Wi-Fi basi. Ishu inayofanana na hii ni Wi-Fi ya wageni, nayo inakupa intaneti huku imekufungia vifaa vingine vyote, na iliwekwa kwa kazi hiyo hiyo, kwa hiyo mashine ya ofisi isikae huko.

Namba zikilingana piga ping (kwenye cmd andika ping na anwani, uone kama inajibu) kwenye rauta kwanza, halafu kwenye ile kompyuta yenye mafaili. Rauta ikijibu na kompyuta ikanyamaza usiseme waya mbovu, fayawoli ya Windows huwa inanyamazia ping. Kwenye mashine mpya nenda kwenye setingi za mtandao, ule muunganisho uweke "Private", maana Windows 11 huanza na "Public" na kwenye Public inajificha kama iko mgahawani. Fayawoli iache iwake. Cheki pia jina la kundi kazi, kawaida ni WORKGROUP, na hakikisha jina la kompyuta mpya halifanani na la mwingine. Kama ofisi yenu ilikuwa inatumia HomeGroup isahau, Microsoft waliiondoa kwenye Windows 10 mwaka 2018.

Kwenye folda ndo penye kazi. Usihangaike kusubiri ile kompyuta itokee kwenye orodha ya Network, inaweza kutokea kesho au isitokee kabisa. Bonyeza kitufe cha Windows na R, andika \\192.168.1.10, au anwani yoyote iliyo yake, ingiza. Ikifunguka umemaliza, ipe herufi ya draivu. Ikigoma soma meseji, usiifunge haraka.

Ikikwambia sera za usalama zinazuia wageni wasiojitambulisha, maana yake ile folda imesheiwa bila pasiwedi, kila mtu anaingia tu. Windows 11 Pro kuanzia toleo la 24H2 haitaki tena hiyo, inadai mawasiliano yasainiwe (yawe na muhuri wa kuthibitisha yametoka kwa nani), na mgeni asiye na pasiwedi hana cha kusainia. Mtandaoni utakuta maelekezo ya kuilazimisha ikubali wageni. Mimi nakushauri nenda kwenye kompyuta ya zamani, tengeneza akaunti moja, tuseme inaitwa ofisi, ipe pasiwedi ya maana (akaunti isiyo na pasiwedi Windows haiiruhusu kuingia kupitia mtandao), halafu ipe ruhusa kwenye folda. Kwenye mashine mpya ikiuliza jina, andika jina la ile kompyuta ya zamani, mkwaju wa nyuma (\), halafu jina la akaunti, mfano MASJALA\ofisi, weka tiki ya kukumbuka. Usiweke PIN yako ya kuwashia mashine hapo, PIN inaishia kwenye mashine yako tu.

Ikikwambia haiioni njia, kosa namba 0x80070035, au inalalamikia SMB1 (SMB ni lugha ambayo Windows inatumia kusheia mafaili, SMB1 ni ile ya kwanza), uliza kinachosheia ni nini. Windows 7 inajua SMB2, kwa hiyo haihitaji SMB1, tafuta kosa kwenye fayawoli yake au setingi za kushea. Windows XP na vile viboksi vya diski vya zamani (vya kuwekea mafaili kwenye mtandao) ndo vinajua SMB1 peke yake, na Windows mpya imeizima tangu 2017. Mwaka huo huo mwezi wa tano kirusi cha WannaCry kilizunguka dunia kikifunga mafaili ya watu kupitia udhaifu wa SMB1, kwa hiyo ukiiwasha kwa ajili ya kiboksi kimoja umerudisha njia ile ile dhaifu. Ingia kwenye setingi za kiboksi uone kama kuna chaguo la SMB2 au apdeti yake, vingine vinayo imezimwa tu. Kama hamna, hamishia mafaili kwenye mashine nyingine, kikubali kimestaafu.

Printa. Kama ina tundu lake la netiweki usipite kwenye kompyuta ya mtu, iongeze moja kwa moja kwa anwani yake ya TCP/IP, mashine ya jirani ikizimwa we unaendelea kuprinti. Hiyo anwani ifunge kwenye rauta isibadilike. Kama ni ya USB iliyoshikizwa kwenye Windows 7 ya biti 32, draiva (programu ya kuendesha printa) itakayokupa haitakufaa maana Windows 11 ni biti 64 tupu, sakinisha draiva ya biti 64 kwanza ndo uunganishe. Ukikutana na kosa 0x0000011b, lilianza na apdeti za usalama za 2021, na njia safi ni kuifanya apdeti iwepo pande zote mbili. Windows 7 ilishaacha kupata apdeti za kawaida Januari 2020, kwa hiyo kwa hali hiyo hamishia printa kwenye mashine mpya, wengine ndo waje kwake.

Fotokopi kubwa inayotuma skani kwenye folda kaiangalie peke yake, nyingi za zamani zinaongea SMB1 tu na zitagoma kutuma kwenye mashine mpya bila kutoa maelezo ya maana. Iseti itume kwa imeili au kwenye flashi.

Mwisho zima mashine zote mbili, ziwashe, ingia kama mtumiaji wa kawaida ujaribu tena. Ukikuta draivu ina alama nyekundu ya X bonyeza mara mbili kwanza kabla ya kuanza upya, kwenye Wi-Fi mara nyingi Windows imewahi kuitafuta kabla mtandao haujashika.