Wikiendi Berlin kwa mwanafunzi: Jumapili isikukute chumbani

Kama umefika Berlin muhula huu na wikiendi zako zote zinaishia kitandani na simu, hii ni yako mdogo wangu. Masomo ya huku magumu sawa, ila kilichotusumbua wengi wetu mwaka wa kwanza wala si darasa, ni Jumapili. Karibu maduka yote yanafungwa, ni sheria, mtaa unakuwa kimya kama kuna msiba, hata mashine ya kufulia ikinguruma jirani anakuja kugonga mlango. Jumapili yangu ya kwanza friji lilikuwa na yai moja na nusu kitunguu, nikavaa koti nikatoka mpaka dukani nikakuta kumefungwa, nikarudi nikajifunika blanketi mpaka giza likaingia.

Kwa hiyo anza na hili: Jumamosi mchana nunua msosi wa siku mbili. Ukisahau, nenda stesheni kuu, Hauptbahnhof, kuna supamaketi ndani inafunguliwa Jumapili ila foleni utaikuta. Na chupa za plastiki zenye alama ya Pfand, yaani amana unayorudishiwa dukani, usitupe, moja ni senti 25, ukirudisha nne umepata euro nzima.

La pili ni tiketi. Wanafunzi wengi wanayo tayari, inakatwa pamoja na michango ya muhula, ila hawajui nguvu yake. Ile Deutschlandsemesterticket inapanda treni za mkoa (RE na RB), treni za mjini (S-Bahn na U-Bahn), tram na basi, nchi nzima, sio Berlin tu. Haipandi ICE wala IC, yaani treni za masafa marefu, hapo uwe makini sana. Hata kwenye usafiri wa mjini ukikamatwa bila tiketi halali faini ni euro 60, na konda haelewi habari za mimi mgeni. Ukitafuta safari kwenye app chagua treni za mkoa pekee, basi. Potsdam unafika kwa S7, bustani za Sanssouci unatembea bure, unabeba chapati zako unakaa chini ya mti. Au panda feri ya F10 kutoka Wannsee kwenda Kladow, dakika 20 juu ya maji kwa tiketi hiyo hiyo ya basi, na kwa sisi tuliozoea pantoni ya Kigamboni ile safari inatuliza roho kweli.

Sasa pa kwenda kwanza kabla ya kote: Museum für Naturkunde, makumbusho ya historia asilia, mtaa wa Invalidenstraße. Jumatatu wanafunga. Onyesha kitambulisho cha chuo ulipe bei ya ermäßigt, yaani ya punguzo. Ukiingia tu ukumbi mkubwa unakutana na mifupa ya dinosaria imesimama zaidi ya mita 13, unainua shingo mpaka inauma. Soma kibao: Tendaguru. Hiyo ni Lindi! Ilichimbwa kati ya 1909 na 1913 enzi za Mjerumani, na waliochimba na kubeba ile mifupa kichwani na mabegani kwa siku kadhaa mpaka bandarini Lindi ni watu wa kwetu. Nilisimama pale zaidi ya nusu saa, watoto wa shule wananipita tu, najiuliza huyu aliyebeba mfupa wa paja alikuwa babu wa nani. Nenda na wenzako wa darasani uwaeleze wewe, sio wao wakueleze.

Kiangazi ni Tempelhofer Feld, uwanja wa ndege uliofungwa 2008 sasa watu wanaendesha baiskeli kwenye ranwei. Kuna sehemu zilizotengwa za kuchoma nyama, nje ya hapo usiwashe moto. Kila mtu alete kitu, mmoja mkaa, mwingine nyama, unga wa ugali unapatikana Afroshop, duka la vyakula vya Kiafrika.

Desemba ndo kazi. Saa kumi jioni jua limeshazama, kwa hiyo toka asubuhi, usisubiri upate mood, ukisubiri mood siku imeisha. Jiandikishe Hochschulsport, yaani michezo ya chuo, mwanzoni kabisa mwa muhula maana nafasi za bei ya mwanafunzi zinaisha haraka, na chagua mchezo wa timu hata kama hujui kucheza vizuri. Gym unaenda peke yako unarudi peke yako, lakini voliboli usipotokea kuna mtu atakutumia meseji kukuuliza uko wapi.

Halafu nyumbani. Kipindi cha baridi Tanzania wako mbele masaa mawili, kiangazi lisaa limoja. Ukisubiri saa tatu usiku ya huku mama kashalala. Mpigie mchana ukiwa kwenye feri, umuonyeshe maji.