Ngazi za bustani mlimani: anza kuchimba kutoka chini

Karibu kila anayetengeneza bustani ya ngazi, yaani sakafu bapa zilizokatwa moja juu ya nyingine, kwenye mteremko wa nyumba yake huko Manyovu, Heru Juu au Kalinzi mkoani Kigoma anaanzia juu, mlangoni, na kurusha udongo chini. Ndugu wakulima, hapo ndipo bustani inapoharibika, kabla hata mche mmoja haujapandwa.

Angalia kinachotokea. Jembe la kwanza linachota udongo mweusi, ambao mlimani una unene wa sentimita 15 hadi 25 tu. Unarushwa chini. Linafuata sururu, unatoka udongo mwekundu, nao unarushwa juu ya ule mweusi. Ukimaliza, nusu ya ngazi iliyo upande wa mlima ni nyekundu tupu, na nusu ya nje ina rutuba iliyozikwa chini ya wekundu. Ngazi inapendeza macho, lakini kabichi inadumaa na majani yake yanaingia rangi ya zambarau. Mwenye bustani anakimbilia dukani kununua mbolea, wakati udongo mwekundu huo una tindikali na unaing'ang'ania fosforasi, kirutubisho ambacho kukikosa ndiko kunakoleta zambarau hiyo, kwa hiyo mmea unapata kidogo sana ya kile alicholipia. Isitoshe, kwenye baridi ya mlimani majani yanayogeuka kuwa udongo mweusi huoza polepole. Udongo mweusi uliouzika kwa siku moja umechukua miaka mingi mno kutengenezeka, na mvua mbili tatu hazitakurudishia.

Kosa hili si geni nchini. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba ngazi milimani Uluguru, mahali penye udongo wa juu mwembamba. Ngazi zilifukua udongo usio na rutuba, na watu waliotoa jasho lao bure walikuwa na haki ya kukasirika. Mwaka 1955 upinzani wao ulifika hadi kwenye ghasia.

Basi tuchimbe hivi. Kwanza pima mteremko. Shika fito iliyonyooka ya mita 2, ncha moja iguse ardhi upande wa juu, fito ilale sawa kwa pima maji, kisha pima kutoka ncha ya pili hadi ardhini. Ukipata sentimita 60, ngazi ya upana wa mita 2 itakatwa sentimita 30 upande wa nyuma. Hapo panafaa. Ukitaka upana wa mita 4 utakata sentimita 60, na huko ni kufukua udongo mfu. Msinibishie kwamba ngazi pana inapendeza. Chimbeni mbili nyembamba. Fito ikionyesha zaidi ya mita 1, acha kabisa kuchimba, panda kahawa na migomba na utandaze nyasi.

Mistari ya ngazi ipimwe usawa kwa fremu ya A (fito tatu zilizofungwa kama herufi A, zenye uzi na jiwe la kuning'inia) au mpira mwangavu uliojaa maji. Jicho linadanganya mlimani, kila mara.

Sasa anza na ngazi ya chini kabisa. Kwangua udongo wake mweusi wote, uweke pembeni chini ya bustani. Kata upande wa nyuma, jaza upande wa mbele, na ushindilie kila tabaka la sentimita 15. Sakafu iinamie mlimani: kwa upana wa mita 2, nyuma pawe chini kuliko mbele kwa sentimita 10. Kwa urefu, mfereji wa nyuma ushuke sentimita 5 kila mita 10, upande wenye njia ya maji yenye nyasi. Ukuta usiwe wima. Uulaze kidogo kuelekea mlimani.

Ndipo uhamie ngazi ya pili, iliyo juu yake. Udongo wake mweusi, kabla sururu haijaugusa wekundu, uvute kwa jembe uangukie ngazi ya kwanza iliyokwisha kamilika, uusambaze sawasawa mbele na nyuma. Ya tatu inailisha ya pili, na kuendelea. Ngazi ya juu kabisa, iliyo karibu na nyumba, ifanye uwanja wa kukaa na kuanikia maharage, haihitaji rutuba. Ule udongo wa kwanza uliobaki chini, panda migomba yako humo. Hakuna toroli hata moja la kupandisha mlima.

Kazi iishe kabla Septemba haijaisha. Anayesubiri mvua za Oktoba na Novemba ndipo aite vibarua anashindilia tope, na kuta zitabomoka. Mvua zikishika, panda matete kwenye kingo, shina moja kila sentimita 30, na uyakate mara kwa mara yasitie kivuli mboga.

Maharage yakiwa na kimo kimoja nyuma na mbele, umefaulu.

Ambao mmekwisha kuzika udongo wenu, msichimbue upya ngazi nzima. Upande wa mbele fungua mitaro hadi mfikie weusi, mrudishe wekundu chini. Upande wa nyuma pandeni marejea, mmea wa jamii ya kunde wa kurutubisha udongo, mvua zinapoanza, myafukie yanapotoa maua, wala msingoje mbegu, kwa sababu mashina yakikomaa hayaozi upesi. Mwageni na samadi iliyoiva, debe moja kwa kila mita mbili za mraba, kila msimu hadi rangi ya udongo ibadilike.